Nani Alisema Tanzania Hufunguliwa Juni na Kufungwa Oktoba?

Leo nina ugomvi na sentensi moja. Mnaijua wote. Imo kwenye vipeperushi vya hoteli, imo kwenye vitabu vya wageni, imo kwenye tovuti za kampuni za safari, na siku hizi hata ukiiuliza simu yako inakujibu hivyo hivyo: wakati mzuri wa kuitembelea Tanzania ni Juni hadi Oktoba. Nukta. Nchi nzima, kuanzia Bukoba mpaka Mtwara, kuanzia Kigoma mpaka Pemba, imepewa miezi mitano ya kuonekana. Miezi saba iliyobaki nadhani tujifungie ndani tusubiri jua.

Sisi waandishi wa habari ndio wapagazi wakubwa wa sentensi hiyo. Kila mwaka ikikaribia Juni, kwenye chumba cha habari lazima atafutwe mtu wa kuandika "msimu wa utalii waanza". Kazi yenyewe nyepesi. Unachukua habari ya mwaka juzi, unabadilisha tarehe, unabadilisha jina la ofisa aliyezungumza, unaweka picha ya tembo, unakwenda kunywa chai. Hakuna anayeuliza: msimu wa nani? Wa kwenda wapi? Wa kuona nini?

Basi leo nauliza mimi.

Naanza kwa kutenda haki. Juni hadi Oktoba si uongo. Sehemu kubwa ya nchi inakuwa kavu. Nyasi zimelala, miti imepukutisha majani, wanyama wanalazimika kufuata maji machache yaliyobaki, kwa hiyo kuwaona ni rahisi. Nenda Tarangire mwezi Septemba, utakuta tembo kwa makundi kando ya mto, kwa sababu mto ule ndio kisima chao. Nenda Katavi wakati huo huo, utakuta viboko wamebanana kwenye dimbwi la tope kama abiria wa daladala saa 12 jioni. Barabara za hifadhini zinapitika. Mbu wamepungua. Kwa mtu anayetoka mbali, mwenye siku 10 tu za kuiona Afrika maishani mwake, ushauri huo una maana.

Lakini jiulize ushauri huo umekuwaje sheria. Julai na Agosti ndio likizo ndefu ya shule huko Ulaya na Marekani. Familia za kule zinafunga mabegi miezi hiyo, zipende zisipende. Kwa bahati, miezi hiyo kwetu ni mikavu. Likizo yao ikakutana na ukavu wetu. Biashara ikajengwa juu ya makutano hayo, bei zikapandishwa juu ya makutano hayo, na mwishowe sisi wenyewe tukaamini kwamba Mungu aliipanga Tanzania iwe nzuri pale shule za London zinapofungwa. Hata ule msimu mwingine wa neema, unaoanza karibu na Krismasi, nao umepangwa kwa kalenda ya mgeni.

Ni haki ya mgeni kuja anapopata likizo. Tatizo ni mwenyeji kuikariri ratiba ya mgeni na kuigeuza kuwa tabia ya nchi yake.

Sasa tuje kwenye hali ya hewa yenyewe, maana hapo ndipo sentensi ile inapovunjika mguu.

Tanzania haina msimu mmoja wa mvua. Mnaofuatilia Mamlaka ya Hali ya Hewa mnajua kwamba utabiri wake hutolewa kwa majina matatu: Vuli, Masika na Msimu. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Masika ni Machi hadi Mei. Hizo mbili ni za maeneo yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka: ukanda wa Ziwa Victoria, nyanda za juu za kaskazini mashariki yaani Arusha, Manyara na Kilimanjaro, na pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba. Mvua za Msimu ni nyingine kabisa. Zinaanza Novemba na kwisha Aprili, mara moja tu kwa mwaka, na wenyewe ni Dodoma, Singida, Tabora, Katavi, Rukwa, Songwe, Mbeya, Iringa, Njombe, Ruvuma, Lindi na Mtwara.

Sababu si uchawi. Ukanda mkubwa wa mvua unalifuata jua. Jua likihamia kaskazini ya ikweta, ukanda huo unapita juu ya mikoa ya kaskazini ukipanda, ndiyo Masika. Jua likirudi kusini, unapita tena ukishuka, ndiyo Vuli. Ukifika kusini unakaa huko, unageuka, unaanza kupanda tena. Kwa mtu wa Songea kwenda kwake na kurudi kwake ni mvua ile ile moja ndefu. Nchi yetu inaanzia karibu kabisa na ikweta na kushuka hadi karibu nyuzi 12 kusini. Ongeza na kimo: kuna watu wanaishi usawa wa bahari na kuna watu wanalima viazi zaidi ya mita 2,000 juu. Halafu mtu akupe jibu moja!

Chukua Februari tu. Mtu wa Moshi anatazama mbingu, anasubiri Masika. Mtu wa Mbeya yuko katikati ya mvua, mahindi yake yamemfika kifuani. Mtu wa Dar es Salaam analala na feni usiku kucha. Ni mwezi mmoja, bendera moja, wimbo wa taifa mmoja. Ukiniuliza Februari ni mwezi mzuri wa kuitembelea Tanzania, nitakuuliza wewe: Tanzania ipi?

Lugha yetu yenyewe inajua jambo hili kuliko vipeperushi vyetu. Kipeperushi kina misimu miwili, wa ukavu na wa mvua. Watu wa pwani wana kaskazi na kusi kwa majina ya pepo zake, wana masika, wana kipupwe cha baridi ya katikati ya mwaka, wana mchoo, zile mvua ndogo za Julai na Agosti, wana demani kusi inapoishiwa nguvu, wana vuli, wana kiangazi. Na hilo neno kiangazi lenyewe linahama. Mtu wa Dodoma akisema kiangazi anafikiria vumbi na upepo wa kuanzia Juni. Mtu wa pwani akisema kiangazi anafikiria joto la Januari. Babu zetu walisafiri kwa majahazi wakizitegemea pepo hizo, wakijua mwezi wa kwenda na mwezi wa kurudi. Sisi wasomi wa chuo kikuu, wenye utabiri wa hali ya hewa mfukoni, tumebaki na "hai sizoni" na "lo sizoni".

Nitoe mifano, maana najua kuna mtu keshaanza kusema huyu kijana anapiga siasa.

Mfano wa kwanza, Kitulo. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2005, iko nyanda za juu kusini, watu wa huko wanaiita Bustani ya Mungu. Sifa yake si simba. Ni maua, zikiwemo aina nyingi za okidi, yanayofunika uwanda ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maua hayo yanachanua wakati wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Ukiifuata ile sentensi ukaenda Kitulo Julai, utakuta nyasi zimekauka na baridi ya kugonganisha meno, pengine na umande ulioganda asubuhi. Utarudi mjini ukisema Kitulo hakuna kitu. Kumbe umekwenda harusini baada ya bibi harusi kuondoka.

Mfano wa pili, Serengeti yenyewe, mama wa vipeperushi vyote. Tunauza nyumbu wakivuka mto Mara, Julai hadi Oktoba. Haya. Lakini nyumbu hao zaidi ya milioni moja hawazaliwi mtoni. Wanazaliwa kusini, kwenye nyanda za nyasi fupi kuelekea Ndutu, kati ya Januari na Machi, na wengi zaidi mwezi Februari. Wanakwenda kule kwa sababu ya mvua: nyasi zinazoota kwenye udongo wa majivu ya volkano zina madini ambayo jike mwenye maziwa anayahitaji. Ndani ya majuma machache ndama wanamwagika kwa maelfu, na fisi, duma na simba wanajua tarehe. Hapo ndipo uhai wa Serengeti unapoanza, na unaanzishwa na mvua. Ile Julai tunayoiuza kwa bei ya juu ni safari ya wale walionusurika Februari.

Na Julai hiyo imekuwaje? Magari yanapanga foleni ukingoni mwa mto kama Ubungo enzi zile. Julai 2025 zilisambaa picha za watalii walioshuka kwenye magari na kujazana pale nyumbu wanapotaka kuvuka. Watu walilaumiana sana, madereva, waongozaji, wasimamizi. Sikumsikia mtu akiilaumu ile sentensi. Ukiwaambia watu wote duniani waje mahali pamoja katika miezi ile ile, usishangae wakifika wote.

Mfano wa tatu, bahari. Kisiwani Mafia kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mpole kama ng'ombe. Wakati wa kuogelea naye ni takriban Oktoba hadi Februari. Agosti, katikati ya "msimu bora", kusi inavuma na bahari inachafuka.

Mfano wa nne, maporomoko ya maji. Kalambo kule Rukwa, mpakani na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya mita 200. Sanje kule Udzungwa, karibu mita 170. Nani kakuambia uyaone Oktoba, mto ukiwa umebaki uzi? Maporomoko yanataka mvua iwe imenyesha. Nenda mwishoni mwa mvua, ardhi inapoanza kukauka lakini mto bado una nguvu.

Mfano wa tano ni wa tumbo. Nenda Bukoba Novemba, senene wakianguka, uone mji mzima unavyokesha kwenye taa. Senene hawaji Agosti kwa sababu kuna mtalii.

Na wa mwisho, ndege. Kuna ndege wanaoishi Ulaya ambao kila mwaka wanakuja kwetu kukimbia baridi. Korongo weupe wamo, mbayuwayu wamo. Wanafika kuanzia Oktoba na Novemba, wanaondoka Machi na Aprili. Yaani hata wageni wa Ulaya wenye mbawa wamechagua miezi ya mvua. Wao hawakusoma kipeperushi.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi hasa, maana maua na ndege peke yake yasingenikosesha usingizi.

Aprili na Mei, sekta ya utalii kaskazini na visiwani inazimwa kama taa. Kambi zinafungwa, hoteli nyingine za ufukweni zinafungwa, na watu wanarudishwa nyumbani. Mpishi, dereva, mhudumu, mwongozaji, na wale wapagazi wa Kilimanjaro wanaoitwa wagumu. Wengi wao ni watu wa mikataba ya msimu au vibarua tu wa safari kwa safari. Hakuna mgeni, hakuna posho, hakuna bahshishi. Mwongozaji mmoja aliniambia Arusha kwamba mtoto wake anajua Masika kwa jina lingine: "baba yupo". Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka. Ada ya shule haijui lo sizoni, na mwenye nyumba hafungi kambi.

Halafu tazama kalenda yetu sisi. Tarehe 7 Aprili, Siku ya Karume. Pasaka, na Ijumaa Kuu yake na Jumatatu yake, mara nyingi ni Aprili. Tarehe 26 Aprili, Muungano. Tarehe 1 Mei, Mei Mosi. Hakuna kipindi kingine cha mwaka chenye mapumziko mengi ya kitaifa yaliyobanana namna hii. Watanzania tuna nafasi ya kutembea hasa katika majuma ambayo nchi imetangazwa kufungwa. Vyumba vitupu, magari yameegeshwa, wapishi wako nyumbani, bei zimeshuka, na sisi tumekaa Sinza na Kijitonyama tunabishana mpira kwenye baa tukisubiri Jumanne turudi kazini. Kisha Agosti inafika, bei zinapaa, tunasema utalii ni wa wazungu.

Huu ndio uchumi ambao sentensi moja imeujenga. Mfanyakazi anakosa kazi kwa sababu mgeni hayupo. Mwenyeji hatembei kwa sababu anapopata nafasi anaambiwa si wakati wake. Wote wawili ni Watanzania na wanaishi kilomita chache tu kutoka mmoja kwa mwingine.

Najua hoja zitakazokuja. Nizijibu moja moja.

Kwanza: "Mbongo hana utamaduni wa kutalii." Hii ndiyo hoja ya kivivu kuliko zote. Nenda stendi ya Magufuli wiki ya kabla ya Krismasi uone mabasi ya Moshi na Arusha. Watu wanasimama, wanagombea, wanalipa, wanabeba na zawadi. Hiyo si safari? Mbongo anasafiri kwa harusi, kwa msiba, kwa mazao, kwa sikukuu, na anasafiri majira yote ya mwaka. Anachokosa ni mtu wa kumwambia: ukiwa Moshi kwa Krismasi, njia ya kwenda Materuni iko hapo juu. Ukiwa Mbeya kwa msiba Januari, Kitulo imechanua. Utamaduni wa kusafiri tunao. Wa kukaribishwa ndio hatuna.

Pili: "Mbongo hana hela." Hii ina ukweli, siikatai. Lakini tuipime vizuri. Kiingilio cha hifadhi kwa Mtanzania kinalipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni kwa dola. Kinachotushinda ni gari na kitanda. Na Aprili ndipo magari na vitanda vinapokaa bure. Watu 20 wa ofisi moja wakichanga wakakodi Coaster, Mikumi inafikika kwa lami, na barabara kuu yenyewe inapita katikati ya hifadhi. Tangu 2024 treni ya umeme inakufikisha Morogoro mapema kuliko foleni ya Mbagala inavyokufikisha Posta. Sisemi kila mtu anaweza. Nasema wengi kati yetu tunaosoma hapa tunatumia kiasi hicho kwa wikiendi mbili za nyama choma.

Tatu, na hii ndiyo hoja ya kweli: "Mvua zinaua." Ni kweli, na sitaki mtu asome hapa akadhani naimba sifa za mvua nikiwa juu ya paa la bati. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope yalishuka kutoka mlima Hanang yakaingia Katesh, zaidi ya watu 80 wakafa. Aprili 2024 bonde la Rufiji lilijaa maji, vijiji vikazama, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini kutokana na mvua za kipindi kile. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo huo kimbunga Hidaya kikaisogelea Mafia. Hapa Dar kila mtu anajua Jangwani panavyokuwa mto Msimbazi ukikasirika. Kuna hifadhi ambazo udongo wake mweusi ukilowa hata gari lenye nguvu linazama hadi mlangoni. Kambi za Katavi na za Nyerere zinapofungwa Aprili, mara nyingi zina sababu.

Lakini angalia hoja hiyo inatupeleka wapi. Mvua za 2023 na 2024 zilikuwa kubwa kupita kawaida, ulikuwa mwaka wa El Niño. Kuna miaka mingine Masika inakuja kidogo na wakulima wa kaskazini wanalia ukame. Kama mwaka haufanani na mwaka, na mkoa haufanani na mkoa, basi anayeng'ang'ania sentensi moja ya miaka yote ndiye anayecheza na maisha ya watu. Dawa ya hatari ni habari sahihi: utabiri wa msimu unaotolewa kabla ya mvua, utabiri wa siku 10, simu moja kwa mtu aliyeko huko kuuliza barabara ikoje. Nisingekushauri Rufiji Aprili. Ningekushauri bonde la Ngorongoro, ambalo wanyama wake wengi wanakaa humo mwaka mzima, na ukungu ukiondoka saa nne asubuhi unaona kijani ambacho mtu wa Agosti hatakijua kamwe. Hapo utabeba koti na viatu vya maana. Ni gharama ndogo.

Mwaka 2020 ulitupa somo bure. Mwaka 2019 wageni zaidi ya milioni moja na nusu walikuja. Korona ilipoingia, 2020 wakashuka hadi laki sita na kidogo. Hapo ghafla kila ofisa akakumbuka utalii wa ndani. Tukaitwa wazalendo, tukaombwa tutembee. Wageni waliporudi, 2023 wakapita milioni 1.8 na 2024 wakapita milioni mbili, hamu ile ikapoa. Mwenyeji akarudishwa jikoni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sawa, amekuja, tena kwa wingi. Lakini mwenyeji anayepona miezi minane na kuumwa minne hajapona. Na magonjwa ya dunia hayapigi hodi. Siku mlango ukifungwa tena, tutawaita tena wazalendo ambao hatukuwahi kuwazoeza?

Sasa ninachotaka ni hiki.

Kwa wahariri na waandishi wenzangu: tuache kuandika "msimu wa utalii waanza". Tuandike msimu wa nini na wapi. Novemba tuandike Bukoba na Mafia. Februari tuandike Ndutu na Kitulo. Mei tuandike Kalambo. Julai tuandike Makunduchi na Mwaka Kogwa. Septemba tuandike Tarangire na Katavi. Habari 12 kwa mwaka badala ya moja inayorudiwa. Tutachoka zaidi, lakini ndiyo kazi tuliyoiomba.

Kwa wanaoitangaza nchi kwa fedha za umma: chapisheni kalenda ya mikoa, kwa Kiswahili, yenye mwezi, mahali, kinachoonekana na hali ya barabara. Ibandikeni stendi na kwenye vituo vya treni, isiishie kwenye maonyesho ya Ulaya. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa upo, wanaojua hifadhi wapo. Ni suala la kukaa meza moja.

Kwa wenye kambi na hoteli: kabla hamjafunga Aprili, jaribuni kumuuzia chumba Mtanzania kwa shilingi, kwa bei inayoonekana, bila kumuuliza mlangoni kama amepotea njia. Pasaka hadi Mei Mosi tu. Mkishindwa, fungeni. Lakini mjaribu kweli, siyo kuweka tangazo la Kiingereza kisha mseme Wabongo hawakuja.

Na kwako wewe msomaji, kijana mwenye kazi mjini: usikubali tena swali la "msimu gani ni bora". Anayeuliza hivyo mwulize anataka kuona nini, anatoka wapi, ana siku ngapi na ana kiasi gani. Ukishapata majibu, mwezi utajitaja wenyewe. Na kama jibu ni Aprili, chukua koti la mvua uende. Kuna mpishi nyumbani kwake Arusha anasubiri kuitwa kazini.

Mwenye kunipinga namkaribisha. Ila asije na "Juni hadi Oktoba" tena. Aje na jina la wilaya, aje na mwezi, aje na sababu. Hapo tutabishana vizuri.